Fungu la Marehemu: Siku Tatu Kilwa Kisiwani

Mashua ya kwenda Kilwa Kisiwani haiendi kwa saa. Huondoka katika gati la Kilwa Masoko pale abiria wanapotosha na upepo unaporuhusu, na mwenye haraka hana la kufanya ila kukaa juu ya gunia la mchele la mwenzake na kungoja. Siku ile kusi ilikuwa ikivuma, maji yamechafuka, na nahodha alibisha mara tatu kabla ya kuta za Gereza kutujia karibu. Watu wengine huuvuka mlango ule wa bahari wakiyatazama magofu. Mimi niliuvuka nikipiga hesabu ya minazi.

Sina budi kueleza sababu ya safari, kwa kuwa bila hiyo yatakayofuata hayataeleweka. Nilikuwa na miezi saba sina kazi. Mkataba wangu ulikwisha na haukuhuishwa, ada ya binti yangu ilikuwa imefika, na nyumbani Temeke tulikwisha kuuza kila kilichouzika bila kusikitikiwa. Ndipo nikalikumbuka shamba la babu lililoko Kisiwani. Babu alipofariki, mirathi iligawanywa kama sheria inavyotaka: marehemu baba yangu alipata mafungu mawili, na Shangazi fungu moja. Baba naye alipotutoka, mafungu yale yakawa yetu sisi warithi wake. Ndugu zangu waliridhia niuze. Haki ilikuwa upande wetu. Kilichobaki ni kumwambia Shangazi, ambaye amelihudumia shamba lile kwa zaidi ya miaka 40.

Katika miezi ile, kila aliyeniuliza hali nilimjibu Alhamdulillahi. Nililisema neno hilo kama mtu anayefunga mlango. Lilikomesha maswali, basi.

Kisiwani hakuna gari. Kutoka ufukweni mtu hupita kandoni mwa Gereza, ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1505 baada ya kuuteka mji, na ambayo baadaye Waomani waliijenga upya. Kisha hupanda kinjia cha mchanga kati ya mibuyu na nyumba za udongo. Shangazi nilimkuta uani, ameketi juu ya jamvi, ukili mkononi.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, baba. Umekonda.”

Hakuuliza zaidi. Alimwita mjukuu wake aniletee maji nitawadhe, kwa kuwa adhuhuri ilikuwa imekaribia.

Kisima anachokitegemea Shangazi kiko mbali kidogo na nyumba, na maji yake yana ladha ya chumvi kwa mbali. Hutekwa kwa ndoo na kumiminwa katika mtungi uliofukiwa nusu uani, na juu ya mtungi hukaa kata ya kifuu cha nazi. Nilitawadha kama ninavyotawadha nyumbani, mahali ambapo bomba hufunguliwa kwanza na nia hufuata baadaye. Kata ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika miguuni kijana alikuwa akiutazama mtungi na si mimi. Shangazi hakunena neno. Alasiri ilipoingia alitawadha yeye mbele yangu. Alisimama shinani pa mpapai, akachota kata moja, akaigawa kiganja kwa kiganja mpaka akamaliza viungo vyote, na lililobaki katika kata akalimwagia shina. Hakuna tone lililokwenda bure. Hata lile lililodondoka kiwikoni lilidondoka penye kazi.

Nilipokuwa mtoto chuoni nilifundishwa hadithi ya Anas bin Malik (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi cha maji ya kujaza viganja viwili vya mtu mzima, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Niliihifadhi hadithi hiyo, nikaijibia mtihani, na kwa miaka yote ile sikuwahi kuiona ikitendwa. Niliiona kwa mara ya kwanza chini ya mpapai ule, ikitendwa na bibi ambaye sidhani kama angeweza kunitajia mpokezi wake.

Siku ya pili mjukuu, ambaye hujipatia riziki kwa kuwatembeza wageni, alinichukua kwenye magofu. Nadhani Shangazi ndiye aliyempa amri. Tulianzia Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe zaidi. Ile pana ya kusini ilianzwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, ikaanguka, na karne iliyofuata ikasimamishwa tena kwa matao na kuba tunazoziona leo. Yote ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ndani mna kivuli kizuri, na upepo wa bahari hupenya kati ya nguzo. Mtu akisimama penye kibla, asingependa kutoka mapema. Nje ya ukuta ni mahali walipotawadhia waumini, na kisima chake. Niliinama nikachungulia, na safari hii nilijiuliza jambo ambalo sijapata kujiuliza mbele ya magofu yoyote: ni nani aliyekuwa akiteka?

Sultani huyo al-Hasan ndiye aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Watu walimwita Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja, sultani akitoka msikitini kurudi kwake, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani alirudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akampa fakiri zile zake. Watu wakamshukuru sana sultani kwa unyenyekevu wake. Mwanawe akazirudisha nguo kwa kumpa fakiri badala yake watumwa 10. Na sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaamuru aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Baada ya al-Hasan akatawala nduguye Dawud, naye alikuwa kinyume chake: mwombaji akija, alimjibu kuwa mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutolewa.

Kisa hiki nimekisikia kikitajwa mara kadhaa katika mihadhara kama mfano wa ukarimu, na ni mfano kweli. Sultani aliyevua nguo zake kwa ajili ya fakiri hakukosa fadhila. Lakini nilipokisimulia kwa sauti pale msikitini, kijana alinikatiza.

“Wale watu 20, Mjomba, wao walisema nini?”

Sikuwa na jibu. Ibn Battuta hakuandika. Wametajwa kwa hesabu, kama pembe zilivyotajwa kwa mizigo. Mji ulishukuru, sultani akashukuriwa, fakiri akaondoka tajiri, na waliotolewa hawakuulizwa. Sisi watu wa Kilwa hatuna ruhusa ya kulipita jambo hilo haraka, kwa kuwa biashara hiyo iliendelea katika pwani hii karne nyingi baada ya al-Hasan kuzikwa, na Kilwa Kivinje, mwendo mfupi kutoka hapa, ilijengeka juu yake.

Kijana alinieleza pia habari za sarafu za shaba zilizokuwa zikitengenezwa hapa. Upande mmoja zilibeba jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, yaliyochaguliwa yafanye vina na jina lile. Nilizifikiria mikononi mwa watu: mwanamke akinunua samaki, mvulana akitumwa mafuta, na kila manunuzi yakipita juu ya jina la Mwenye kuneemesha. Sijui ni wangapi walioyasoma yale maandishi. Pengine wachache kama sisi tunaoisoma noti leo.

Husuni Kubwa ni mwendo mzuri kutoka kijijini kwa kufuata ufukwe wa mashariki. Ni jumba kubwa lililokaa juu ya jabali, lina vyumba zaidi ya 100, na ndani yake birika la pembe nane lililotazamana na bahari. Tulikaa ukingoni mwa birika hilo, kavu, limeota majani, tukala mihogo ya kuchemsha aliyotufungia Shangazi.

“Nani alikuwa akilijaza?” niliuliza.

“Si sultani, Mjomba.”

Kuna wahubiri wapendao kuleta hapa habari ya watu wa Saba, waliopewa bustani mbili, kulia na kushoto, wakapuuza kushukuru, yakawajia mafuriko, bustani zao zikageuka miti ya matunda machungu. Habari hiyo imo katika Sura Saba, na kila mmoja wetu aisome kwa kuiogopea nafsi yake. Lakini kuichukua na kuibandika juu ya Kilwa, kana kwamba tunajua kwa nini Mwenyezi Mungu aliuacha mji huu kuanguka, mimi sioni kuwa ni adabu. Mizinga ya mwaka 1505 ilitoka Lisbon, na wale iliowakuta asubuhi ile walikuwa watu kama wewe na mimi, wema na wabaya. Katika sura hiyo hiyo, aya mbili kabla ya kisa cha Saba, jamaa ya Nabii Daudi (a.s.) wanaamrishwa shukrani kwa namna ya pekee: wanaambiwa waifanye, kama kazi inavyofanywa.

Jua lilipopungua ukali tulirudi kwa njia ya ndani, tukapitia shambani. Nilikuwa na kalamu na kijitabu. Katika kumbukumbu yangu ya utotoni shamba la babu lilikuwa msitu wa minazi. Tulipokuja likizo tulishindana kuhesabu na hatukuwahi kufika mwisho. Safari hii nilifika mwisho mara moja. Ilikuwapo minazi 19, michanga mingi kati yake, pamoja na mwembe mmoja na viraka vya mihogo. Palipobaki ni visiki, vingi vimeoza na kuwa mashimo yaliyojaa majani.

“Nani ameikata?”

“Haikukatwa. Ilikauka. Ni ule ugonjwa wa minazi. Mimi sikuwa nimezaliwa.”

Nilisimama na kalamu yangu. Imamu Ghazali, katika Ihyaa, anaijenga shukrani juu ya mambo matatu: kujua neema imetoka kwa nani, furaha ya moyo inayozaliwa na ujuzi huo, na kitendo kinachofuata, naye anafika mahali pa kusema kwamba mwenye kuvunja tawi la mti pasipo haja amekufuru neema ya mti na neema ya mkono pamoja. Nilikuwa nimeipenda sehemu ile ya kitendo, kwa kuwa inahubirika. Sehemu ya kwanza, ile ya kujua, sikuwahi kuipa uzito. Nani asiyejua neema yake imetoka wapi? Basi pale shambani nikaanza kujumlisha miaka, na hesabu ikakataa.

Nilisoma sekondari Dar es Salaam katika miaka ya 1980. Kila muhula ulipokaribia, bahasha ilitufikia kutoka kusini mkononi mwa dereva wa basi. Wakati huo Daraja la Mkapa halikuwapo, lilifunguliwa mwaka 2003. Magari yalivushwa Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika ikishika, kusini yote ilikatika. Bahasha ilichelewa lakini ilifika. Baba aliifungua mbele yetu, akahesabu, akasema: hili ni fungu langu la nazi, dada yangu ni mwaminifu. Hiyo ndiyo ada niliyosomea. Mwaminifu, ndivyo tulivyomwita. Hatukumwita zaidi ya hivyo, kwa kuwa mtu akikuletea kilicho chako amefanya wajibu wake.

Baada ya isha Shangazi aliwasha taa ya sola, akavuta jamvi karibu na mlango, akaanza kusuka. Vidole vyake vimepinda kwenye viungo, na miyaa aliishika chini zaidi, karibu na kiganja. Nilikaa mbele yake.

“Shangazi, ile minazi ilikauka mwaka gani?”

“Ipi?”

“Ile yote.”

Alifikiri bila kusimamisha mkono. “Wewe ulikuwa darasa la sita, au la saba. Ilianza kupukutisha vidaka. Halafu makuti yakageuka manjano, halafu vichwa vikakatika. Miaka miwili haikupita.”

“Na fedha za ada? Baba alituambia ni za fungu lake.”

“Alikwambieni hivyo kwa sababu mimi ndivyo nilivyomwambia.”

“Sasa zilitoka wapi?”

Aliuinua kidogo ukili uliokuwa mkononi, kama mtu anayeonyesha bei ya kitu, akaushusha, akaendelea.

Ndugu msomaji, anayejua kazi ya mkeka atanielewa. Ukindu hukatwa, huanikwa, huchanwa, wenye kutiwa rangi huchemshwa. Ukili husukwa pima kwa pima, siku hadi siku, kisha kili hushonwa moja kwa moja mpaka upana ufike. Mkeka mmoja hauleti ada. Nilijaribu kuikadiria ile mikeka ya miaka minne na nikaacha. Nilikuwa nimekuja na karatasi ya kumwonyesha haki yangu, na kumbe nilivyokuwa navyo kichwani, hata uwezo wa kuiandika karatasi ile, vilinunuliwa kwa vidole vile.

Abu Daud na Tirmidhi wamepokea hadithi inayofungamanisha kumshukuru Mwenyezi Mungu na kuwashukuru watu, kwamba aliyeliacha la pili hakulitimiza la kwanza. Niliwahi kuidhania kuwa ni hadithi ya adabu njema, ya kusema ahsante mezani. Usiku ule niliona ugumu wake. Kinachotuzuia kushukuru, mara nyingi, si kiburi. Ni kuwa kile tulichopewa kwa ihsani tumekiandika katika daftari la haki, na hakuna mtu anayeshukuru kwa kulipwa deni lake. Maji yako mtungini kwa sababu mtungi ni wa maji. Ada ilifika kwa sababu nazi zilikuwa zetu. Hata kazi niliyoipoteza niliihesabu kuwa yangu, na kwa miaka 22 niliyokuwa nayo sikumbuki kuamka asubuhi moja nikaihimidi.

Nilimwambia ahsante. Neno lilitoka dogo, likakaa pale jamvini kati yetu. Nikaongeza maneno mengine ambayo siyakumbuki vizuri, naye akanikatiza, nadhani kwa haya.

“Baba yako alinifundisha kusoma Kurani,” alisema. “Sisi wasichana wengi hatukupelekwa chuoni. Yeye akirudi alasiri alinikalisha hapo nje, ananifundisha kile alichofundishwa asubuhi. Alikuwa mtoto, alitaka kwenda kucheza na wenzake. Hakwenda. Juzuu thelathini. Sasa na mimi ningemshukuru kwa nini, kama si kwa hivi?” Akasuka kidogo. “Haya, sema ulichokuja kusema.”

Alikuwa anajua. Dada yangu alimpigia simu kabla sijapanda basi Mbagala. Nilimweleza yote: kazi, ada, ndugu zangu walivyoridhia. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Ni haki yenu,” alisema. “Mkipata mnunuzi wa hapa hapa itakuwa vyema. Wa mbali ataukata mwembe.”

Hakusema zaidi, na wala hakulia, wala hakunitazama kwa namna ya kunitia haya. Tulilala.

Hatukuuza. Singependa msomaji afikiri kwamba baada ya hapo milango ilifunguka, kwa kuwa haikufunguka. Ada ya binti yangu nililipa kwa kukopa, na sehemu ya deni ingali juu yangu. Nimepata kibarua, si kazi. Ndugu zangu wawili walinilaumu, na wana hoja. Shamba lisilo na minazi halimlishi mtu yeyote Temeke. Nilichobadilisha nyumbani ni kidogo mno kusimuliwa. Binti yangu ananicheka kwa kutawadha na kopo, na jioni, kabla ya kula, huwa tunamtaja mtu mmoja ambaye bila yeye siku ile isingekwenda: konda, muuza maji, jirani aliyetuazima jiko, fundi aliyezibua mfereji. Mara nyingine mmoja wetu humpigia mtu huyo simu. Fundi alidhani tunataka kumpunguzia bei.

Asubuhi ya siku ya tatu Shangazi alinisindikiza mpaka ufukweni, jambo ambalo halifanyi siku hizi kwa sababu ya magoti. Maji yalikuwa yakianza kupwa, na nahodha alikuwa amesimama ndani ya bahari hadi mapajani, ameishika mashua. Kijana alikuja nyuma yetu na gunia begani, akaliweka ndani. Nilipolifungua mdomo niliona nazi.

“Za nini hizi, Shangazi?”

“Fungu la marehemu. Zimeangushwa wiki iliyopita. Zilikuwa kumi na saba, thuluthi haikukatika sawa, nimekutilia kumi na mbili.”

Nilitaka kusema neno, lakini nahodha alipiga kelele kwamba maji yanatuacha, na Shangazi akanisukuma begani nipande.